Intigreta na diferenshieta za opampu kwenye wimbi la sini: mwongozo kamili wa kujenga na kupima mwenyewe

Ukiingiza wimbi la mraba kwenye intigreta, yaani saketi inayolimbikiza volti zinazoingia, inatoka pembetatu, hiyo kila mtu anaiona kwa macho na anaridhika. Ukiingiza pembetatu kwenye diferenshieta, yaani saketi inayotoa kasi ya mabadiliko ya volti, unapata mraba, safi kabisa. Sasa ingiza sini: intigreta inatoa sini, diferenshieta nayo inatoa sini, na hapo ndo wanafunzi wengi wanakwama, mtu anakuuliza sasa hii saketi imefanya nini mbona kitu ni kilekile? Imefanya mambo mawili, imebadilisha kimo cha wimbi na imelisogeza robo ya mzunguko. Umbo haliguswi. Na ukiyaelewa haya mawili kwa sini basi mawimbi mengine yote utayaelewa, mana wimbi lolote linalojirudia ni mkusanyiko wa sini nyingi zenye frikwensi tofauti.

Nitakupeleka hatua kwa hatua, tujenge zote mbili kwa chipu moja na vipande vilevile vya kuunga, tupime, afu mwisho tuziunganishe moja nyuma ya nyingine tuone kama wimbi litarudi lilivyokuwa.

Kwanza picha ya kichwani, kabla ya fomula

Intigreta ni simtenki. Fikiria bomba linaloingiza maji afu linayavuta tena, kwa mtindo wa sini. Maji yakiingia kwa nguvu kubwa kabisa tenki bado halijajaa, linaendelea kupanda hata wakati bomba linapungua kasi, na kiwango kinafika juu kabisa pale bomba linapokuwa limefika sifuri. Kwa hiyo kiwango cha maji kinachelewa nyuma ya bomba kwa robo mzunguko, yaani digrii 90. Afu angalia hii: bomba likibadilika taratibu, tenki linapata muda mrefu wa kujaa, kiwango kinapanda sana. Likibadilika harakaharaka linajaza kidogo tu limeshageuka linavuta. Ndo mana intigreta inakuza frikwensi za chini na kuzipunguza za juu, hakuna uchawi mwingine zaidi ya huo.

Diferenshieta yenyewe haiangalii mahali ulipo, inaangalia kasi unayobadilika. Mtoto yuko kwenye bembea: akifika juu kabisa kasi yake ni sifuri, akipita katikati kasi ndo kubwa kuliko zote. Kwa hiyo kasi inatangulia mahali kwa robo mzunguko, na bembea ikienda haraka zaidi kwa upana uleule kasi inakuwa kubwa zaidi. Frikwensi juu, autiputi juu.

Sasa kuna jambo linalowachanganya watu hata waliosoma. Saketi zetu zinatumia mguu wa kugeuza wa opampu (chipu ya kukuza volti), kwa hiyo kila kitu kinapinduliwa, digrii 180. Kuchelewa 90 ukipindua kunaonekana kwenye skopu (kifaa kinachochora wimbi kwenye skrini) kama kutangulia 90. Kutangulia 90 ukipindua kunaonekana kama kuchelewa 90. Kwa hiyo intigreta ya opampu inaonekana inatangulia, diferenshieta ya opampu inaonekana inachelewa, kinyume na simtenki na bembea, na wala haujakosea kuunga waya. Shika hilo vizuri litakuokoa saa nzima ya kukuna kichwa.

Fomula ya geini, yaani autiputi ni mara ngapi ya inputi, ni moja tu imegeuzwa juu chini (f ni frikwensi, R ni resista, C ni kapasita):

geini ya diferenshieta = 2 × π × f × R × C
geini ya intigreta = 1 ÷ (2 × π × f × R × C)

Tukichukua R ya kilo-omu 10 na C ya nanofaradi 10, RC inakuwa maikrosekunde 100, na geini zote mbili zinakuwa 1 kwenye frikwensi ya 1592 Hz hivi. Hiyo ndo njia panda yetu. Ukishuka mara kumi hadi 159 Hz, intigreta inazidisha mara 10 na diferenshieta inagawanya kwa 10. Ukipanda hadi 15.9 kHz ni kinyume chake. Kwa lugha ya desibeli, kila frikwensi ikizidishwa mara kumi moja inashuka 20 dB nyingine inapanda 20 dB.

Vitu vya kuwa navyo

Chipu nakushauri TL072, ina opampu mbili ndani. Ukikosa, fungua bodi ya sabufa au mikisa iliyokufa utakuta 4558, mpangilio wa miguu ni uleule na itafanya kazi hii vizuri. LM358 nayo ina miguu ileile na inapatikana kirahisi lakini kwa somo hili sikushauri, ina kasoro pale wimbi linapovuka sifuri, sini inakuwa na kovu dogo pale katikati, na diferenshieta inalikuza lile kovu mpaka unafikiri umeharibu kitu. 741 inafundisha vizuri ila ni ya polepole, nitairudia huko chini. Hiyo ina opampu moja na miguu yake ni tofauti, autiputi iko mguu wa 6 na chanya iko mguu wa 7.

Betri mbili za volti 9. Unaziunga mfululizo, ile sehemu zinapokutana ndo grandi yako, ncha moja inakuwa +9 nyingine −9. Naomba usiruke hapa. Saketi nyingi za namna hii ninazoletewa hazifanyi kazi kwa sababu mtu ametumia betri moja akaunga grandi kwenye hasi, basi sini inakatwa nusu ya chini yote.

Resista: 10k mbili (kahawia, nyeusi, chungwa), 1M moja (kahawia, nyeusi, kijani), 1k moja (kahawia, nyeusi, nyekundu). Kapasita: 103 mbili, hiyo ndo nanofaradi 10, na 101 moja ambayo ni pikofaradi 100, pamoja na 104 mbili za kutuliza umeme wa chipu. Zile 103 zinunue za plastiki, zile za polyester za rangi ya kijani au kahawia, sio vile visahani vya seramiki vya bei chee, kwa sababu seramiki nyingi uwezo wake unabadilika kadri volti zinavyobadilika juu yake na hapo ile habari ya sini kutoka sini inakufa.

Chanzo cha sini kinaweza kuwa jenereta ya maabara au simu yenye tundu la hedifoni na programu ya kutoa toni. Skopu ya chaneli mbili ndo bora. Kama huna, tumia mita yenye AC ya milivolti. Ile mita ndogo ya njano ambayo AC yake inaanzia volti 200 haitakusaidia hapa, haioni volti nusu. Afu mita nyingi za kawaida zinaanza kudanganya ukivuka karibu 400 Hz, kwa hiyo mtu wa mita abadilishe kapasita zote mbili za 103 aweke 104, njia panda inashuka hadi 159 Hz na kila frikwensi nitakayotaja aigawanye kwa kumi. Uwiano wa autiputi na inputi utakuwa uleule.

Hatua ya 1: intigreta

Weka chipu kwenye bredibodi, kile kidoa au mkato uwe kushoto. Mguu wa 8 kwenye +9, mguu wa 4 kwenye −9, na kila mmoja umuwekee 104 kwenda grandi karibu kabisa na chipu. Mguu wa 3 kwenye grandi. Inputi inapita kwenye 10k inaingia mguu wa 2. Kutoka mguu wa 2 kwenda mguu wa 1, ambao ndo autiputi, weka 103. Ile nusu ya pili ya chipu usiiache inaelea, mguu wa 5 kwenye grandi na 6 uunge na 7.

Hiyo ndo saketi ya kitabuni. Sasa washa bila kuingiza wimbi lolote, inputi iunge grandi, na tazama mguu wa 1. Mstari kwenye skopu unaondoka wenyewe, unapanda au unashuka, unaenda kugonga karibu na volti za betri unabaki hapohapo umenata. Nataka uione hii kwa macho yako kabla hujairekebisha. Opampu halisi ina hitilafu ndogo ya ndani inaitwa ofseti, kwa TL072 ni kama milivolti 3 kwa kawaida, na intigreta inailimbikiza ile milivolti 3 bila kuchoka. Piga hesabu: 0.003 gawanya kwa RC ya 0.0001 ni volti 30 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya robo sekunde tu imeshafika ukutani. Simtenki lina bomba linalovuja kuelekea ndani na halina pa kutolea.

Dawa yake ni lile resista la 1M, liweke sambamba na kapasita kati ya mguu wa 2 na wa 1. Hilo ndo tundu la kupunguzia maji. Sasa ofseti inazidishwa mara 101 tu basi, unapata kama volti 0.3 iliyotulia. Gharama yake ni kwamba chini ya frikwensi fulani saketi inaacha kuwa intigreta inakuwa amplifaya ya kawaida ya mara 100, na frikwensi hiyo ni 1 ÷ (2π × 1M × 10nF) yaani 15.9 Hz. Kanuni ninayofuata mimi ni kufanya kazi kuanzia mara kumi ya hapo, 159 Hz kwenda juu, hapo kosa la fezi, yaani ule msogeo wa wimbi kwa digrii, ni chini ya digrii 6 na geini iko sawa karibu kabisa. Watu wengine wanaweka 100k badala ya 1M ili ofseti iwe ndogo zaidi, sawa, lakini ujue umeupandisha mpaka wako hadi 159 Hz na intigreta ya kuaminika inaanza 1.59 kHz. Chagua kwa kujua.

Hatua ya 2: pima

Ingiza sini yenye kilele cha volti 0.5, sio zaidi, kwa sababu kwenye 159 Hz itazidishwa mara kumi iwe volti 5 na betri zetu haziruhusu mbali zaidi ya hapo. Kama jenereta yako ina kitufe cha ofseti kizime, mana volti 0.05 tu ya DC ikizidishwa mara 100 ni volti 5 za bure. Vilele unavyotakiwa kuona:

159 Hz: kama volti 5
500 Hz: 1.6
1 kHz: 0.8
1.59 kHz: 0.5, sawa na inputi
3 kHz: 0.27
10 kHz: 0.08

Usishangae ukikuta tofauti ya asilimia 5 au 10, kapasita zenyewe ndo zilivyo.

Kwa fezi kaa kwenye 1 kHz, mzunguko mzima ni maikrosekunde 1000, robo yake 250. Tafuta kilele cha inputi, tafuta kilele cha autiputi kilichoko kushoto kwake, tofauti iwe 250. Kilele cha autiputi kinatangulia. Njia nyingine ninayoipenda kuliko zote ni kuweka skopu kwenye X-Y, inputi ichore kwa mlalo na autiputi kwa wima, halafu uende 1.59 kHz: unapata duara. Duara maana yake kimo sawa na robo mzunguko, yote mawili kwa pamoja. Shusha frikwensi duara linarefuka kwenda juu, pandisha linalala. Likiwa yai lililoinama upande basi fezi yako sio 90, na hilo utaliona ukishuka kuelekea 15.9 Hz (punguza inputi kwanza isije ikakatwa), pale resista la 1M linapoanza kutawala fezi inaenda kwenye 135.

Ukiona mawimbi yanacheza juu ya wimbi lako kama yamepanda ngalawa, huo ni umeme wa ukutani, 50 Hz. Kwenye 50 Hz intigreta yetu inazidisha mara 30, kwa hiyo milivolti 10 zilizodakwa na waya mrefu zinatoka volti 0.3. Fupisha waya, tumia betri kweli sio adapta.

Hatua ya 3: diferenshieta

Tumia nusu ya pili ya chipu. Ondoa ule waya wa 6 na 7. Mguu wa 5 unabaki grandi, inputi inapita kwenye 103 inaingia mguu wa 6, na 10k inatoka mguu wa 6 kwenda mguu wa 7. Yaani ni vilevile vipande vimebadilishana nafasi.

Na hii nayo ya kitabuni ina ugonjwa wake, ila ni ugonjwa wa upande mwingine. Intigreta inaumwa DC, diferenshieta inaumwa frikwensi za juu. Geini inapanda na kupanda mpaka inakutana na uwezo wa opampu yenyewe, na pale zinapokutana saketi inakaribia kuimba yenyewe. Sehemu yenyewe unaweza kuikadiria: zidisha njia panda kwa frikwensi ya mwisho ya opampu (pale geini yake yenyewe inaposhuka hadi 1), chukua kipeuo cha pili. Kwa TL072 yenye kama 3 MHz ni karibu 69 kHz, kwa 741 yenye kama 1 MHz ni karibu 40 kHz. Ingiza mraba uone, kila ukingo unatetemeka kama sinia lililodondoka. Kwenye sini utaona mstari umekuwa mnene, una manyoya.

Dawa: weka 1k mfululizo na kapasita ya inputi, na 101 sambamba na lile resista la 10k. Ile 1k inasema geini isivuke 10, na kona yake, yaani frikwensi inapoanza kuizuia geini, ni 15.9 kHz. Kama chanzo chako kina omu 600 ndani zinajumlishwa kwenye ile 1k, kwa hiyo kona inashuka hadi kama 10 kHz, zingatia usije ukalaumu kapasita.

Ingiza tena volti 0.5:

159 Hz: 0.05
500 Hz: 0.16
1 kHz: 0.31
1.59 kHz: 0.5
3 kHz: 0.93
10 kHz: 2.7

Simama kwenye huo mstari wa mwisho. Fomula ya kitabuni inasema 3.14, wewe unapata 2.7 kwa sababu ya 1k, na fezi nayo imeshasogea sana kutoka 90. Kwa hiyo uwanja wake halali ni mpaka 1.6 kHz hivi kwa kipimo cha mara kumi chini ya kona. Hapo fezi ni kama 96 badala ya 90, na kilele cha autiputi kinachelewa nyuma ya inputi.

Kwa wenye 741: autiputi yake haiwezi kupanda haraka zaidi ya nusu volti kwa maikrosekunde. Sini yenye kilele Vp kwenye frikwensi f inadai kasi ya 2πf × Vp. Kwenye 10 kHz na kilele cha volti 6 inadai karibu 0.38, bado inapumua, ila ongeza inputi au frikwensi kidogo tu uone sini inaanza kunyooka pembeni inageuka pembetatu. Hapo sio diferenshieta tena, ni chipu imechoka. TL072 ina 13 kwa maikrosekunde au zaidi, hutakutana na hilo hapa.

Hatua ya 4: kwa nini usafi wa sini yako ni muhimu

Simu na jenereta za bei nafuu hazitoi sini safi. Tuseme sini yako ya 1 kHz ina uchafu wa 3 kHz wa asilimia 5. Intigreta inapunguza 3 kHz mara tatu zaidi ya inavyopunguza 1 kHz, uchafu unabaki kama asilimia 1.7. Diferenshieta inaukuza mara tatu, unakuwa karibu asilimia 15 na unaonekana kwa macho. Kwa hiyo wimbi baya likitoka kwenye diferenshieta usikimbilie kubadili chipu, angalia kwanza kinachoingia.

Hili sio la darasani tu. Kuna koili ya Rogowski, inaitwa kwa jina la Walter Rogowski aliyeandika kuihusu mwaka 1912, unaizungusha kwenye kebo ya umeme bila kukata kitu na inapima mkondo. Koili yenyewe inatoa volti kulingana na kasi ya mabadiliko ya mkondo, yaani ni diferenshieta ya asili, kwa hiyo uchafu wote wa mashine na inveta unatoka umekuzwa. Nyuma yake wanaweka intigreta, umbo la mkondo linarudi lilivyo. Ni saketi hiihii uliyoijenga, tofauti ni thamani za vipande tu.

Hatua ya 5: ziunganishe

Toa chanzo kwenye diferenshieta, unga mguu wa 1 wa intigreta kwenye inputi ya diferenshieta, ile 1k inayofuatwa na 103. Chaneli ya kwanza ya skopu kwenye inputi ya mwanzo, ya pili kwenye mguu wa 7. Sini ya volti 0.5, anza 200 Hz panda taratibu mpaka 1.6 kHz. Moja inapunguza kadri unavyopanda, nyingine inaongeza kwa kiasi kilekile, moja inatangulia 90 nyingine inachelewa 90. Mistari miwili inalala juu ya mwenzake. Ukifika 1.6 kHz utaona ule wa pili umebaki nyuma kama maikrosekunde 10, ndo zile digrii 6 za 1k na kapasita ya 101.

Sasa badili skopu iwe kwenye DC na hamisha prob kutoka mguu wa 1 kwenda mguu wa 7. Mguu wa 1 wimbi lilikuwa limeinuka au limeshuka kwa ile 0.3 ya ofseti, mguu wa 7 limekaa karibu na sifuri kabisa. Kapasita ya diferenshieta imeizuia. Weka mraba badala ya sini na wenyewe utarudi mraba, kona zake zikiwa zimeviringika kidogo, na ukiweka prob katikati, kwenye mguu wa 1, unaiona pembetatu.